Matiko

Shafti ya mashine ya Mama Sikitu ilikatika Jumanne,
kule Mbagala, debe la saba la mahindi likiwa kooni.
Akaileta Gerezani kwa bajaji,
vipande viwili ndani ya kanga.

Fundi Hiza akapitisha kidole pale ilipokatikia:
chembechembe, kavu, kama chumvi ya mawe.
"Nani aliitia matiko?"
"Kijana mmoja wa Tandika. Aliizika kwenye mkaa
ikaiva yote, akaitosa kwenye oili chafu."
"Basi aliikomaza hadi moyoni.
Ikakosa pa kunesa."

Tukakereza mpya.

Sisi tuna koili ya shaba, mizunguko mitatu,
maji yanapita tumboni mwake isiyeyuke.
Haiigusi shafti. Mwezi wangu wa kwanza
hilo ndilo lililonishinda kuamini:
moto usio na ulimi wala moshi,
unaozaliwa ndani ya ngozi ya chuma chenyewe
na kukoma milimita mbili chini yake.
Masafa yakipanda, joto huelea. Yakishuka, huzama.
Mwoka mkate wa kumimina anaelewa:
kuna makaa ya juu, kuna makaa ya chini.

Nikabonyeza. Kijivu kikawa damu ya mzee,
damu ya mzee ikawa pilipili,
pilipili ikawa chungwa la Muheza,
na nyuma ya koili maji yakifuata, yakifoka,
shafti ikishuka polepole, inchi kwa inchi,
mpaka katikati

giza.

Luku.
Uniti kumi na moja nilizoziona asubuhi
nikasema zitatosha.

Mama Sikitu akacheka peke yake gizani.
"Nusu si haba. Nifungieni hivyohivyo."
Fundi akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akachukua tupa.
Upande huu iliteleza kama juu ya kioo.
Upande ule iling'ata, ikatoa unga.
Akaweka ukucha mpakani:
"Hapa. Ndipo itakapokatikia."

Yule mama akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.
Akasema, bila kumtazama yeyote,
tangu arobaini ya mumewe kila anayepita dukani
humwambia neno moja, jikaze,
naye amejikaza, amejikaza,
juzi mtoto kamwaga chai kidogo tu
na yeye akavunja kikombe ukutani.

Nilikuwa na la kumwambia, lilishafika kwenye meno.
Fundi akanikata jicho.
Baadaye alisema: chuma ni chuma, Chausiku,
usimfungie mtu kwenye koili.

Akatuma elfu ishirini kwa simu.
Namba za Luku akanisomea nne nne,
mara mbili nikakosea, mara mbili akarudia bila kuguna.
Taa ikawaka. Lakini hatukuendelea pale tulipoishia:
tuliirudishia ulaini kwanza, kwa moto wa taratibu,
ikalala kwenye majivu usiku kucha
kama kiazi kilichosahauliwa.

Alhamisi, kabla ya saa tatu, kila mahali
tupa iliteleza, ikitoa sauti nyembamba
inayoumiza meno.
Mama Sikitu akaomba ajaribu mwenyewe.
Akapitisha mara moja, akapitisha tena,
akaigeuza, akaipima uzito mikononi.
"Na ndani?"
"Ndani ipo kama ilivyotoka kiwandani," nikasema.
"Hatujagusa."

Alipunguza elfu mbili kwenye malipo,
ya Luku, akasema,
na hakuna aliyembishia.