Dobi Apanda Loleza

Miaka ishirini na miwili nimekusoma kutoka chini, Loleza,
kama karani asomavyo uso wa mkubwa wake.
Ukivaa kofia, naanua.
Ukiwa kichwa wazi, natundika.
Mashuka ya nyumba ya wageni, sare za manesi,
shela moja la harusi lililomwagiwa soda,
yote yamekauka kwa idhini yako,
na mguu wangu hukuwahi kuuonja.

"Jumapili hii," akasema Asangalwisye,
anayelinda minara kule juu kwa zamu,
"uende ukamwone bosi wako."

Nikafunga viazi vitano vya kuchemsha,
chumvi ndani ya karatasi ya daftari,
chai ya tangawizi kwenye chupa isiyofunga vizuri.
Saa kumi na mbili alfajiri tulikwisha kuipita nyumba ya mwisho
na mbwa wake, ambaye alitubwekea kwa wajibu tu.

Mikaratusi kwanza. Inanuka dawa ya kifua.
Halafu misonobari, giza na kimya,
halafu majani matupu na upepo
unaonipekua mifuko kama askari wa barabarani.
Nilihesabu hatua hadi mia nne,
nikahesabu pumzi,
nikaacha kuhesabu.
Mpanda ngazi hushuka, walisema.
Habari za goti hawakusema.

Na kile kilele changu, kile cha kila asubuhi,
kumbe ni bega.
Nyuma yake bega jingine.
Asangalwisye haniambii; ananiacha nishangilie
mara tatu, bure,
kisha anatoa kiazi.

Kwenye minara akawasalimia wenzake, tukaendelea.
Waliosema milima haikutani hawakupita hapa:
kutoka Loleza hadi kilele cha Mbeya
kuna mgongo mmoja mwembamba, majani huku, majani kule,
umenyooka kama mkunjo wa pasi
kwenye suruali ya hakimu.
Nilitembea juu yake nikiogopa kuuharibu.

Kulia, mbali, bonde limelala rangi ya kaki.
Kushoto, mji: Mwanjelwa, Soweto, Iyunga,
mabati yanametameta, na mahali fulani
kamba zangu nne za waya,
ambazo kutoka hapa hazipo kabisa.

Ndipo wingu likaja.
Halikushuka kutoka juu, kama nilivyodhani siku zote.
Lilipanda. Lilitoka bondeni likitambaa kwa magoti kama sisi,
likatufunika.
Nyusi zangu zikalowa. Shati likanilowa mgongoni.
Nikamwona Asangalwisye, kisha mkoba wake,
kisha sauti yake tu: "Kaa. Litapita."

Nikakaa. Na nikajua, kama ninavyojua joto la pasi
kwa kidole kilicholambwa,
kwamba huko chini, dakika hii,
Subilaga ametoka mlangoni, mkono juu ya macho,
ametazama na kuwaita watoto:
"Anueni! Mlima umevaa!"

Na sisi tulikuwa ndani ya kofia.
Humo hamkuwa na mvua, mama watoto.
Mlikuwa na watu wawili, viazi viwili,
na chai iliyokwisha kuvuja yote.

Miaka ishirini na miwili!
Mara ngapi nimekimbia na beseni,
vibanio mdomoni, nikimkimbia nani?

Lilipita. Tukafika. Nililigusa jiwe la kilele,
baridi, lenye ukungu wa kijani, la kawaida.
Hatukusema kitu cha maana.
Tulishukia upande wa Mbalizi, katikati ya kahawa,
nikitembea kinyumenyume kulinusuru goti,
wachumaji wakicheka,
na bajaji ikatudai elfu mbili zaidi kwa ajili ya tope.

Jumatatu ulivaa tena.
Nikasimama uani na shuka la kwanza, linachuruzika.
Subilaga akanitazama.
Nikakutazama.
Nakujua sasa, nikasema moyoni, nimeshaingia humo.
Nikatundika kamba zote nne.

Saa nne ikanyesha.