Wameifuta Mvua

Filamu iliisha saa mbili na robo, ukumbi wa ushirika.
Mtu akawasha taa kabla majina hayajamaliza kupanda.
Hakuna aliyepiga makofi. Tukateremka kwa Mama Aikaeli,
nyuma ya soko la Mbuyuni,
mbege ikaletwa, na kesi ikaanza.

Exaud kwanza: "Dakika themanini na mbili,
gitaa lake limeonekana mara moja, tena kwa mgongo!"
Lyatuu: "Na yule mtaalamu mwenye skafu, nani alimwita?
Eti Eliamani Tesha alikuwa sauti ya kizazi.
Kizazi gani? Kaseti moja, nakala mia mbili,
mia na arobaini ziliozea stoo kwa maji ya mtaro.
Kizazi ni sisi. Tunaenea kwenye meza mbili."

Halafu likaja la taa.
Chini ya picha wameandika, kwa herufi nyeupe:
*nimewasha taa, nenda salama.*
Hadija Msangi akaweka kata chini.
"Nimeacha. Ni *nimeacha taa*.
Miaka thelathini na minane naimba nimeacha.
Nimemzika mume wangu na nimeacha."
"Nimewasha," akasema Ndekirwa, fundi redio.
"Sikiliza pumzi kabla ya neno."
"Alikuwa na pengo! Pengo linameza herufi!"
Tukagawanyika, wa kuwasha upande wa jiko,
wa kuacha upande wa mlango,
kana kwamba kura zingehesabiwa
na marehemu angetoka kutangaza matokeo.

Onesho la mwisho, inasema filamu, lilikuwa na watu saba.
Klabu ya reli, Aprili, masika yamekata umeme nusu ya Moshi.
Saba.
Hapa mezani tupo kumi na mmoja
na kila mmoja alikuwepo.
Exaud alikuwepo, ingawa mwaka ule alikuwa darasa la pili.
Hatuumbuani. Ukimvua mmoja nguo
itabidi tuvuliwe wote.

Ndekirwa alikuwepo kweli. Mkanda ni wake:
redio ya betri sita juu ya kiti, kidole kwenye kitufe.
Aliwaazima vijana wa kamera, wakaupeleka Nairobi
kwenye mashine, ukarudi safi.
Akainamia kata yake.
"Wameifuta mvua," akasema.

Kimya. Wa kuwasha, wa kuacha, kimya.
Maana wimbo ule tumeujulia ndani ya mvua,
bati linapigwa tangu ubeti wa kwanza,
na ule mlio mmoja, *nga!*, ubeti wa tatu,
ambao Lyatuu ameuandikia kurasa kumi na nne:
kwamba ni kengele ya treni ya Tanga,
kwamba Tesha aliihesabia, akaisubiri, akaiimbia juu yake.
Sasa sauti imebaki peke yake, kavu,
kama mgeni aliyevuliwa koti mlangoni
na hakuambiwa akae wapi.

Mimi nikanywa.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kiingilio shilingi ishirini, sina.
Nilisimama nje penye mchirizi, juu ya debe lililopinduliwa,
jicho kwenye ufa wa dirisha.
Niliona goti lake, na nusu ya gitaa.
Ubeti wa tatu, debe likateleza.

Ndiyo *nga* hiyo. Ndiyo treni ya Lyatuu.
Ndipo mahali pekee duniani nilipowahi kurekodiwa.

Mama Aikaeli akaja kukusanya kata na deni la Exaud.
Hadija bado anaimba nimeacha, chini kwa chini.
Ndekirwa akasema nyumbani anayo nakala nyingine,
ile chafu,
twende kesho baada ya ibada ya pili.
Kisha akanigeukia: "Na wewe, mbe, hujasema.
Aliwasha au aliacha?"

Nikasogeza kiti, upande wa mlango, upande wa jiko.
Neno lile lipo ubeti wa tatu.
Lilipoimbwa, mimi nilikuwa hewani.