Pancha ya Agosti

Tutakwenda Agosti. Nimeandika kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma, pale pasipo na majina ya wadaiwa:
Agosti, maana majani yamekauka na wanyama
hawana hila tena, huja majini mchana kweupe.
Hivyo ndivyo ninavyowaambia wageni wa Etosha
wanaojaza mafuta kwangu hapa Outjo
wakiniuliza simba wako wapi.
Nawaelekeza kwa kidole: kilomita mia, lami tupu.
Mimi mwenyewe langoni sijafika.

Gottlieb atatoa pikapu, sisi tutajaza tangi.
Ada ya gari. Ada ya watu wanne
(Dawid ni mdogo, huenda akapita bure
akijikunja kidogo na kufunga mdomo).
Maandazi ya Fredrika, nyama kavu, chupa tano za maji,
mablanketi, kwa kuwa alfajiri ya huko
baridi huuma hadi kwenye fizi.
Pesa zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kila Ijumaa nalitikisa, nalisikiliza:
mwezi uliopita lilikuwa likilia,
sasa linanung'unika. Noti zimeanza kuingia.

Bibi Magrieta hataki simba.
"Simba namjua," asema, kama anayemtaja
jirani waliyegombana kwa ajili ya kuni.
Tembo hataki. Twiga hataki.
Anataka jiwe.
Jiwe la kusagia, la mama yake,
waliloliacha chini ya mti wa mopane
siku lori lilipokuja, na karani mwenye orodha
akasema kila nyumba furushi moja.
Jiwe halifungiki kwenye furushi.

Nikanunua ramani. Nikaitandaza mezani,
nikaikandamiza kwa kikombe na mkebe wa chumvi.
Bibi haoni vizuri, lakini aliweka kidole
juu ya barabara, akakiteremsha polepole
kando ya ule uwanda mweupe usio na mwisho,
akasimama, akatamka jina.
Kwenye ramani pana jina jingine kabisa.
La kwake lina mlio wa ulimi, kijiti kinavunjika katikati ya neno;
nimejaribu kuliandika, kalamu imekataa.

Hapo ndipo mpango ulipokwama.
Nyuma ya ramani, kwa herufi nyekundu:
NI MARUFUKU KUSHUKA GARINI.
Nilimsomea. Alinyamaza, akapangusa makombo mezani,
akayakusanya kiganjani, akayala.
"Na gurudumu likikata roho," akauliza,
"tunakaa humo ndani mpaka Krismasi?"

Gottlieb alicheka hadi akakohoa.
Kisha akaacha kucheka, akamtazama.

Kwa hiyo nimeongeza mstari kwenye daftari:
pancha moja, gurudumu la nyuma, upande wa mti.
Sijui sheria inasemaje juu ya pancha
iliyopangwa miezi mitatu kabla.
Sijui kama jiwe lingalipo. Labda tembo wamelizamisha,
labda mchwa wamelifukia,
au limekaa tu, kama ilivyo kawaida ya mawe,
halijui kwamba liliachwa.

Kila Jumapili baada ya kanisa tunafanya mazoezi uani.
Gottlieb anapiga jeki. Mimi nalinda nyuma, macho vichakani,
na vichaka vyenyewe ni kamba ya nguo na kuku wa Fredrika.
Dawid anashika saa.
Wiki iliyopita alipiga kelele: dakika nne!

"Haraka mno," alisema Bibi kutoka kitini,
viatu keshavivua, nyayo zimezama mchangani.
"Fungueni tena. Nati moja moja."