Kibaba Kinachokua

Mwaka ule Rodion alileta kadi nne za michoro,
akazipanga roshani ndani ya kreti ya chupa za bia,
feni zikitazama dirisha, nyaya zimefungwa kwa kamba za viatu.
Nikamwuliza: zinachora nini?
Akasema: hazichori, zinabahatisha.
Zinabahatisha namba usiku kucha, Kapitolina,
na atakayepatia kwanza, dunia nzima,
huandikiwa sarafu isiyoshikika.

Mimi niliolewa na fundi wa lifti. Nilijua kunyamaza.

Nje nyuzi thelathini chini ya sufuri,
mto Angara ukifuka mvuke chini ya bwawa
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Roshani, soksi zilikauka kwa saa moja.
Machi nilipanda miche ya nyanya mbele ya feni,
ikaota imeinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza umbea ukutani.
Paka alihamia huko, jikoni hakurudi.
Na sarafu tukapata. Si nyingi. Moja ilinunua jokofu;
Rodion akaupapasa mlango wake
kama shavu la farasi aliyeshinda mbio.
Haba na haba, tukasema.

Hatukujua kwamba kibaba nacho hukua.

Kila baada ya wiki mbili hivi kilipimwa upya:
wachimbaji wakizidi, kinatanuliwa mdomo
ili asije mtu akakijaza kwa pupa.
Ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo, alinieleza,
na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Kisha zikaja habari za mashine mpya.
Haichori, haichezi, haiandiki barua,
haijui hata hesabu ya duka.
Imechongwa kwa ajili ya swali moja,
na swali hilo huliuliza mara mabilioni
kabla kadi zetu hazijakohoa.
Akauza pikipiki yenye kigari cha ubavuni, akalipa kabla.
Mwezi wa pili: inakuja.
Mwezi wa tano: inakuja.
Ngojangoja ilituumiza matumbo, kweli.
Watu walinong'ona kwamba huko kiwandani
mashine zetu zinachimbia kwanza walioziunda.
Ushahidi sina. Lakini ilipofika
boksi lilikuwa jipya, na ndani ya feni mlikuwa na vumbi.

Ilinguruma siku kumi na tisa.
Faina wa ghorofa ya chini aligonga bomba kwa mwiko.
Siku ya ishirini Rodion alikaa na kalamu,
akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu:
ilikula umeme kuliko ilichozaa.

Wakati huo, kando ya bwawa, kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa,
watu wasio na majina walishusha makontena.
Alikwenda kuchungulia uzioni,
akarudi na theluji kwenye nyusi.
"Wana mlango wa kuingiza lori," alisema.
Hilo tu.
Akavua viatu vya sufu, akaanza kuzima kadi,
moja, kisha nyingine,
akingoja kila feni isimame kabisa.
Asubuhi miche ilikuwa imelala.

Yelisei, mtoto wa Faina, alinunua kadi mbili kwa bei ya viazi.
Sasa zinachora tena: mazimwi, ngome, mvua.
Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaitazama ile mvua.
Kila tone lilikuwa na kivuli chake.

Mashine haikupata mnunuzi. Kazi nyingine haijui.
Tumeiweka shimoni, chini ya gereji, karibu na viazi,
na baridi ikizidi Rodion huiwasha
visigande.
Mtandao hajaukata. Ameuvuta kwa waya
mita arobaini, juu ya mabati, kwa ajili ya viazi.
Simwulizi.
Asubuhi tunashuka, mimi na ndoo,
naye, kabla ya kuinua hata kimoja,
huinamia kile kioo kidogo,
hukifuta kwa kidole gumba,
nami nasimama na ndoo yangu, nangoja.