Nywele za Tumpe

Bwana Afya alikuja na mkasi, hakuja na polisi.
Akakata nywele za Tumpe nyuma ya sikio,
kidogo tu, akazitia kwenye bahasha,
akaandika: Chunya. Msichana. Miaka saba.

Kikaango akakitazama kwa muda mrefu.
Asubuhi mayai,
jioni zebaki: moshi mweupe, kisha punje
ndogo kuliko jicho la kuku,
ndiyo ada, ndiyo sabuni, ndiyo deni la karasha.
Nikamwambia, hatujawahi kuugua.
Mkono ulinitetemeka; nikaisingizia baridi ya Julai.

Mwezi wa kumi mwalo ukafungwa kwa utepe.
Lori likaja, wakakwangua udongo wetu
mpaka kwenye wekundu, wakaubeba umefunikwa
kama maiti ya mtu mkubwa.
Kikaango nacho kikapewa namba, kikaenda.
Mume wangu akaitukana serikali siku tatu.
Ya nne akaenda kupanga foleni ya mtungi mpya,
ule unaofungia moshi ndani.

Majibu bado yako Mbeya.
Shimo limejaa mvua, nashinda nikifukuza bata.
Tumpe hujipapasa nyuma ya sikio:
"Mama, zimeshaota. Wao bado wanazihesabu?"