Pigo Moja

Nilipokuwa na miaka ishirini, kirumbizi kwangu kilikuwa hesabu:
mapigo mia tatu kabla ya kwenda kazini,
gunia la makumbi likining'inia uani kwetu, Langoni,
chaki ikiandika ukutani, mama akifuta.
Mwaka ule nilivunja bakora nne
na kidole kimoja cha Famau Shekuwe,
uwanjani, zumari ikilia.
Nikashangiliwa.

Siku hizi goti la kushoto ndilo linalopanga ratiba.
Naanza na miguu, peku, sakafu ileile:
hatua mbili, nasimama, napumua,
hatua mbili tena.
Fimbo iko chini. Haina haraka.

Alasiri huja Famau
na kidole chake kilichokataa kunyooka.
Hatusemi mengi. Ananijia, namfungulia njia,
fimbo yake inapita karibu na sikio,
nasikia upepo wake, basi.

Mpwa wangu, anayehesabu kila kitu, auliza:
"Leo umepiga mangapi, mjomba?"
Moja.
"Limempata?"
Nililizuia juu ya bega lake,
palibaki upana wa ukucha.

Hilo ndilo lililonitoa jasho.