Sita ya Chini Kushoto

Sopron, Jumamosi. Theluji imeshika madirisha ya hoteli.
Tumefuata alama nane za kulinda leseni,
madaktari wa meno arobaini na wawili,
nusu yetu tumeficha miwani mifukoni.

Mbele ya kila mmoja, taya la nguruwe
kutoka kwa mchinjaji wa mtaa wa nyuma,
bado lina baridi ya friji.
"Taratibu," anasema Bálint Szemere,
aliyekuwa akinishikia mrija wa kufyonza mate
enzi za uanafunzi wake, masikio mekundu kwa haya.
Leo kipaza sauti ni chake.
"Mfupa ukipata joto hufa. Pekecha, pumzika, mwagia maji."

Napekecha. Napumzika.
Skrubu ya titani, haizidi harage, inazama ikizunguka,
ufunguo unahesabu nguvu: ishirini, thelathini, thelathini na tano,
tik!
Mkono umejua kabla ya sikio.

"Sasa msubiri. Miezi mitatu.
Mfupa utakisogelea chuma polepole, kama jirani mwenye shaka.
Hausomi kalenda yenu,
wala ya mgonjwa wa Vienna anayetaka kutafuna
kabla ya treni ya saa kumi na moja."

Kisha slaidi za kauri mpya.
Zirkonia: unga ulioshindiliwa ukawa sahani nene,
mashine inauchonga usiku, watu wamelala,
asubuhi taji ishirini zimesimama trei nzima,
nyeupe, sawasawa, kama watoto wa kwaya.
Wanaigonga moja kwa nyundo. Haivunjiki.
Wanagonga tena, ili tuamini.

Namkumbuka Jenő Kapuvári, fundi wetu,
aliyepaka kauri tabaka juu ya tabaka
kwa brashi iliyobakiwa na nywele chache kuliko kichwa chake.
Alimsimamisha mgonjwa dirishani: "Cheka.
Si hicho cha picha! Cheka kama mkweo kateleza kwenye barafu."
Halafu akachora ufa wa kahawia, mwembamba,
katikati ya jino jipya,
maana mtu wa miaka sabini, alisema,
hawezi kuwa na jino lisilojua kahawa.
Tanuri lake lilinunuliwa na mama mmoja anayetengeneza hereni.

Zamani ningesema mzoea kunyonga kuchinja hawezi,
nikachukua koti langu.
Lakini mkono umeshaionja ile tik.

Saa tisa. Bálint ananyanyua kamera nyembamba kama mswaki.
"Nahitaji kinywa kimoja."
Kimya.
Madaktari wa meno arobaini na wawili
wamefumba midomo kama watoto kwenye kiti changu.
Nainuka. Sijui nani kaniinua.

Ukutani kinywa changu kinajijenga kipande kwa kipande,
fizi ya waridi, kipana kuliko mlango wa ukumbi,
ziba za zebaki za daktari wa shule bado zinameta.
Kamera inapinda chini, kushoto,
na pale ilipopaswa kukaa sita
hakuna kitu.

Miaka kumi na moja natafunia kulia.
Miaka kumi na moja nawaambia watu:
pengo likiachwa wazi, majirani huinamia shimo.
Na saba yangu, tazameni, imeinama.

Mmoja wa safu za nyuma anacheka, anajikata.
Mganga hajigangi, najua, najua;
nimewahi kuisema mwenyewe juu ya wengine.
Bálint hacheki. Anapima kwa jicho lile lile
nililomfundisha kupimia.
Anafunika kipaza sauti kwa kiganja:
"Mfupa upo, Daktari Ilka. Unatosha."

Cheti nimepewa, muhuri umekaa upande.
Taji, itakapofika zamu yake, na ichongwe na mashine,
sina ugomvi nayo.
Ufa wa kahawa nitauchora mimi;
brashi ya Jenő iko kwenye droo, ndani ya kopo la pipi.

Nje nangoja tramu ambayo mji huu haina tena,
nikumbuke, nicheke, nianze kutembea.
Ulimi umetangulia. Uko pale chini kushoto,
unagusa fizi tupu,
unabisha hodi.